Siku ya Mbwa ni Jumatano

Chai ilikuwa haijachemka bado, na tayari Hiram Njuguna alikuwa amemaliza sikio la kushoto la mbwa wake na kuhamia la kulia. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake, kichwa cha mbwa kikiwa pajani, na kando ya mguu wake palikuwa na mkebe wa zamani wa majani ya chai wenye mafuta ya taa kidogo. Kila kupe aliyemng'oa alimtumbukiza humo. Wengine walikuwa wadogo kiasi cha kuhitaji kucha na subira, wengine wamevimba kwa damu na kuwa na rangi ya zege.

"Tulia, Meja," alisema. "Huyu ndiye wa mwisho. Nakudanganya, lakini tulia tu."

Meja alitulia. Alikuwa mbwa wa kahawia asiye na ukoo wa kujivunia, mwenye doa jeupe begani lililofanana na cheo cha askari, na marehemu Njoki ndiye aliyempa jina hilo siku alipomwokota sokoni. Njoki alikuwa mke wa Hiram. Alipofariki, chumba kilibaki na kitanda kimoja, jiko moja, baiskeli ya kunolea visu na mbwa. Binti yao Cate alikuwa Naivasha akifunga maua, na simu yake ilikuja Krismasi, au pale mtu wa ukoo alipokufa. Kwa hiyo Hiram alizungumza na Meja. Kuna watu katika ploti ile ya vyumba vya kupanga waliomcheka kwa hilo, na wacheke, maana mtu akiishi peke yake atazungumza na yeyote anayemtazama usoni, na Meja alikuwa hodari wa kumtazama mtu usoni.

Viroboto hawakuwa wa kung'olewa kwa kucha. Hao walikimbia chini ya manyoya wakaruka, wakatua sakafuni, kwenye blanketi, kwenye miguu ya watu. Na miguu ya watu ndiyo iliyoleta kesi. Jana jioni, pale kwenye mfereji wa maji wa ploti, Awuor wa chumba cha jirani alimwinua mtoto wake mbele ya wapangaji wote, akaonyesha vipele vyekundu kuanzia kifundo hadi gotini. Jamleck, msimamizi wa ploti, alitikisa funguo zake kama kawaida yake akitaka kusikilizwa.

"Mzee, watu wamechoka. Hii mbwa yako imejaza viroboto hapa kila mahali. Kesho jioni nakuja kwako kukagua. Nikipata kiroboto kimoja kimeruka, hiyo mbwa inaenda. Naita wale jamaa wa nyama."

Kila mtu wa mtaa huu wa Free Area anawajua jamaa wa nyama. Wanapita na vipande vilivyotiwa sumu, na kesho yake mbwa wa mtaa wanabebwa kwa mkokoteni. Hiram alitaka kusema kwamba stoo ya mwenye ploti, yenye magunia na magodoro makuukuu, ndipo paka wa mtaa mzima huzalia, na kwamba hakuna aliyewahi kuikagua. Lakini ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye kile kile kifungu cha funguo kilichokuwa kikitikiswa mbele ya uso wake. 

Ilikuwa Jumatatu. Alikunywa chai yake ya rangi, akafunga mlango, akaisukuma baiskeli hadi barabarani. Meja alimfuata nyuma ya gurudumu kama siku zote. Leo hawakwenda kunoa visu. Walikwenda mjini, ofisi ya mifugo, kumuuliza mtu aliyesomea wanyama dawa ya kufaa ni ipi. Hiram hakuwa mjinga. Alijua kuna mambo ya kuulizwa.

Langoni walikutana na Kosgei, bawabu aliyevaa sweta la bluu na kushika kirungu ambacho hakikuwahi kumpiga mtu.

"Mzee, mbwa haiingii hapa."

"Kwani hii si ofisi ya mifugo?"

"Ni yenyewe."

"Ya kutibu wanyama."

"Ndiyo."

"Basi huyu ni mnyama, boss."

Kosgei alimtazama Meja kwa uangalifu, kama mtu anayehakikisha. "Naona ni mnyama. Lakini order ilitoka juu. Kuna moja ilikojolea tairi ya gari ya mkubwa. Tangu siku hiyo mbwa haiingii compound. Wewe ingia, yeye abaki. Na usimfunge kwa gate."

Hiram alimfunga Meja kwenye baiskeli, ng'ambo ya barabara, chini ya ubao wa matangazo wa kanisa. Meja aliketi akamtazama akiondoka. Hakupenda kuachwa, na Hiram hakupenda kumwacha, ila hakukuwa na namna.

Ndani, daktari wa mifugo aliitwa Muturi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya kukosa usingizi, na mezani palikuwa na kikombe cha chai, mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, na simu mbili zilizokuwa zikipokezana kuita. Hiram alisubiri simu zote mbili zikate. Kisha akaeleza: mbwa, viroboto, kupe, msimamizi, leo jioni.

"Mbwa ako wapi?" Muturi aliuliza.

"Ako nje ya gate."

"Mimi siwezi kukuambia dawa ya mnyama sijaona, mzee. Lazima nijue uzito, umri, hali ya ngozi. Mlete nimwone."

"Askari amekataa asiingie."

"Hiyo ni mambo ya security. Mimi si wa security."

"Basi twende pamoja hapo nje umwangalie kidogo tu, daktari."

Muturi alipumua kwa nguvu. Alikuwa peke yake kwa wadi kadhaa, pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta tangu mwezi uliopita, na kuna mtu wa huko Bahati aliyekuwa akimpigia kuhusu ng'ombe aliyekwama kuzaa. Haya yote yalikuwa kweli. Lakini Hiram hakuyajua, na hata angeyajua yasingemsaidia.

"Mzee, mambo ya mbwa ni Jumatano. Siku hiyo tunatoa meza hapo nje, tunachanja, tunajibu maswali yote. Kuja Jumatano."

"Msimamizi anakuja leo."

"Mwambie Jumatano."

Simu ya kwanza iliita tena. Muturi akainua kidole cha kuomba radhi, akageukia dirishani. Hiram alisimama kidogo akitazama mgongo wa shati lake. Neno moja tu lingetosha, na Muturi alikuwa nalo mdomoni, maana alilisema kila Jumatano mpaka akalichoka. Hakulisema.

Duka la agrovet, la dawa za mifugo na mbegu, lilikuwa karibu na soko, kaunta yake imezungushiwa waya. Nyuma ya waya alikaa Tabby, msichana aliyesukwa nywele vizuri, akila njugu.

"Sasa guka, nikusaidie?"

Hiram alipenda kuitwa babu na mtu asiyemjua. Lilikuwa neno la kwanza laini siku hiyo. "Nataka dawa ya viroboto na kupe. Ya mbwa."

Tabby alichungulia nje akamwona Meja akijikuna. "Huyo ni kilo kama ishirini hivi. Kuna hii tembe ya kutafuna. Anakula tu kama biskuti. Kupe wanaanguka, viroboto wanakufa, na unakaa karibu miezi mitatu bila stress. Hii ndiyo poa, guka, sikudanganyi."

Akataja bei. Hiram akacheka, ingawa hakufurahi. "Hiyo ni karibu nusu ya kodi yangu."

"Najua. Kila tukileta stoki mpya imepanda."

"Hamuuzi nusu?"

"Haikatwi. Inapimwa na uzito wa mbwa." Akashusha pakiti nyingine. "Hii ni ya kumwaga shingoni, lakini imebaki ya mbwa wadogo, ukimpa huyo wako haitamfikia. Halafu kuna poda. Poda ni bei ya chini, lakini ni kazi. Unapaka, unaosha blanketi yake na maji moto, unafagia hadi kwa nyufa, baada ya wiki unarudia. Mayai ya viroboto hukaa kwa nyumba, si kwa mbwa."

"Hiyo poda inamaliza leo?"

"Leo? Hapana."

"Mimi nataka ya leo."

Hapo ndipo pua yake ilipomwita. Chini ya kaunta, karibu na magunia ya chakula cha kuku, palikuwa na chupa za maji ya kunywa zilizojazwa kitu cha rangi ya manjano, bila karatasi wala maandishi. Harufu yake ilipita kwenye waya, ikampeleka Hiram moja kwa moja hadi Subukia, utotoni, Jumamosi asubuhi, kwenye shamba lililokuwa la mzungu.

Baba yake alikuwa mtu wa josho. Josho, au dip kama walivyoliita, ni ule mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa, ambamo ng'ombe hutumbukia upande mmoja na kutokea upande wa pili wakitiririka. Baba alikoroga kwa mti mrefu, akachota maji kwa kiganja, akayatazama. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa mengi, alipiga mluzi na ng'ombe wakaanza kuingia. Na ng'ombe wa mwisho akishapita, watoto walikamata mbwa wote wa shamba, mmoja mmoja, wakawatupa ndani. Mbwa walitokea ng'ambo wakipiga chafya, watoto wakicheka hadi kukaa chini. Hakuna mbwa wa Subukia aliyekuwa na kupe. Hiram hakuwa na kumbukumbu nyingine ya utotoni nzuri kuliko hiyo.

"Nipe hiyo," alisema.

"Hii ni ya ng'ombe, guka. Tunaambiwa tusiuzie watu wa mbwa."

"Na mbona imewekwa kwa chupa ndogo ya kununuliwa na mtu asiye na ng'ombe?"

Tabby akaangalia upande wa chumba cha nyuma, alikokuwa mwenye duka, akashusha sauti. "Watu wanaomba ya bei yao. Mimi nimeandikwa tu. Kama lazima, basi weka kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Ndoo nzima, guka. Usizidishe."

"Msichana wangu, mimi nimezaliwa kando ya dip."

Alisema hivyo kwa fahari, na fahari ilikuwa kitu ambacho hakuwa amekionja kwa muda. Tabby alipokea pesa. Alifunga chupa kwa gazeti.

Walipofika kwenye ploti, mfereji wa maji ulikuwa umekwisha kukauka. Maji ya Free Area huja yakitaka. Hiram alikuwa na nusu karai ya maji iliyobaki ya kupikia, akaona itatosha. Akatia kifuniko kimoja. Maji yakapata ukungu tu, kama ya kuoshea mchele. Akatia cha pili. Akakoroga kwa kijiti, akachota kwa kiganja kama baba yake, akatazama. Bado. Alitia, akakoroga, akatia, hadi karai lote likawa jeupe na harufu ikamtoa machozi.

"Hapo sasa," alimwambia Meja. "Hii ndiyo dip."

Jambo moja hakuwahi kulijua, kwa kuwa alikuwa mtoto na watoto huja pale penye kelele. Kila Ijumaa jioni, shamba likiwa limenyamaza, mtu wa serikali alikuja kwa baiskeli na chupa zake za vipimo. Yeye ndiye aliyepima josho na kuandika kiasi cha dawa. Baba alikoroga tu kilichokwisha kupimwa. Rangi nyeupe haikuwa kipimo, na dawa ya siku zile haikuwa hii. Mtu yule wa Ijumaa hayupo tena, na josho lenyewe siku hizi limeota nyasi.

Meja aliingia kwenye karai mwenyewe. Hiram alimsugua shingo, mgongo, mapajani, katikati ya vidole, ndani ya masikio. Viroboto walikimbilia usoni, naye akapaka usoni. Mbwa alimtazama tu. Alikuwa akitetemeka kidogo, lakini hakuvuta mguu hata mmoja, maana aliyekuwa akimshika alikuwa Hiram. Hakumsuuza. Dip haisuuzwi, huachwa ikauke mwilini. Akamfunga juani nyuma ya choo cha ploti, Meja akaanza kujiramba miguu.

"Kaa hapo ukauke. Nakuletea mfupa."

Alikwenda kunolea bucha ya jirani visu, na akiwa anakanyaga pedali jiwe likizunguka alijisikia mwepesi. Leo jioni Jamleck angekuja na funguo zake, apekue blanketi, asipate kitu. Hiram alitunga hata la kumwambia. Mchinjaji alimlipa kwa kawaida yao, sarafu chache na mfupa wenye nyama ya kutosha kumfurahisha mbwa.

Aliporudi, Meja hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu, ute mrefu ukimtoka mdomoni, na macho yake yalikuwa wazi yakitazama mahali pasipo na kitu. Hiram aliweka mfupa mbele ya pua yake. Pua haikusogea. Akamwinua; miguu ya nyuma ikapishana, mbwa akaanguka.

"Meja. Meja, simama baba. Simama."

Awuor alitokea na nguo za kuanika begani. Walikuwa hawajasemezana tangu jana. "Baba Cate, huyo ana nini?"

"Nimemwogesha."

Awuor alivuta pumzi mara moja akajua. "Na hii si ni ya ng'ombe?"

"Sisi tuliogesha ng'ombe na mbwa pamoja, mama. Miaka yote."

Awuor alizitupa nguo kambani. Aliingia kwake akatoka na jerikeni la maji aliyokuwa amenunua kwa mkokoteni, na kipande cha sabuni ya kufulia. "Shika kichwa," alisema, akaanza kumwaga. Alisugua kwa nguvu, kama anayefua shuka la mgonjwa, akasuuza, akasugua tena, hadi jerikeni likaisha. Povu lilikuwa jeusi kwa viroboto waliokufa.

"Mimi nilisema viroboto viishe, Baba Cate," alisema akiwa bado ameinama. "Sikusema mbwa afe."

"Najua."

"Mpeleke kwa daktari. Pale mjini si wako?"

Hiram alitaka kumwambia kuwa ametoka huko. Lakini Awuor akaingia tena ndani, mtoto alikuwa analia, na ua likabaki na mzee mmoja na mbwa aliyelowa.

Alifungua sanduku la vifaa kutoka kwenye baiskeli, akafunga kreti ya soda mahali pake, akatandika humo leso ya Njoki, leso ambayo hakuwahi kuitumia kwa kitu chochote tangu azikwe mwenyewe, akamlaza Meja juu yake na kumfunika kwa koti. Boda wawili walimwona wakaangalia kando. Hivyo akaisukuma baiskeli kwa miguu, pembeni mwa barabara kuu, malori ya Nairobi yakimpita karibu na kiwiko. Kila baada ya hatua kadhaa alitia mkono chini ya koti kuhisi mbavu. Zilikuwa zikipanda, lakini kwa kuchelewa, na kila zilipochelewa Hiram aliingiwa na hofu aliyoikumbuka vizuri. Alikuwa ameshika mbavu nyingine namna hiyo hiyo, hospitalini, kwenye benchi, akingoja kuitwa. Alimwambia Meja mambo mengi njiani. Alimwambia kwamba chumba hakikaliki. Alimwambia kwamba asubuhi hakuna mwingine wa kumwamkia. Aliyasema kwa sauti, na watu wa vibandani walimgeukia, naye hakujali.

Kosgei alimwona akija tangu mbali.

"Mzee, si nilikuambia asubuhi? Mbwa haiingii."

Hiram aliiegemeza baiskeli pale pale langoni, akamchukua Meja mikononi na leso yake, akapita. Kosgei aliinua kirungu nusu, akakishusha. Hakuna aliyemfundisha la kumfanyia mzee anayebeba mbwa kama mtoto.

Muturi alikuwa akivaa jaketi. Hiram alimlaza Meja juu ya meza, kati ya simu mbili, juu ya gazeti la mandazi. Daktari akarudi nyuma kwa mshangao, kisha harufu ikamfikia, na uso wake ukabadilika. Hapo alikuwa daktari kweli. Aliinua mdomo akatazama ufizi, akaweka kidole ndani ya paja, akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Moyo uko chini sana. Baridi pia. Umempaka dip?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Mpaka ikawa nyeupe."

Muturi alifumba macho. "Ameoshwa?"

"Kwa sabuni. Mara mbili."

"Hiyo imesaidia, kama kuna kitu kitasaidia." Alifungua kabati la kioo, akasogeza hiki na kile, akalifunga. "Kuna sindano ingemfaa. Haijaletwa tangu bajeti ipite. Hata duka hapa mjini sijui kama utapata. Tumweke joto. Asipozidi kushuka mpaka usiku, ataamka." Akamfunika Meja koti vizuri hadi shingoni, kwa mikono iliyojua kazi. Kisha akasema lile ambalo alizoea kulisema, kwa upole, bila ubaya wowote. "Mzee, dawa ya ng'ombe si ya mbwa. Kila siku tunawaambia watu. Ungekuja kwanza uulize."

Hiram alimtazama.

"Nilikuja."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Ulikuwa unakunywa chai. Uliniambia Jumatano."

Muturi alimtazama kofia, akamtazama viatu, akautafuta uso huo kichwani mwake, kati ya nyuso za asubuhi ile. Watu wengi walikuwa wamepita. Hakumpata. Ilionekana wazi kwamba hakumpata, na Hiram, aliyekuwa amekuja na hasira tayari, alijikuta hana hata mtu wa kumkasirikia. Kilichomuuma zaidi ni hicho. Alikuwa amesimama mbele ya meza hii, akaeleza shida yake yote, na hakuacha alama hata ya kikombe.

"Ungeniambia neno moja tu, daktari," alisema. "Neno moja. Usitumie ya ng'ombe. Ningenunua ile poda."

 Simu ikaita, safari hii Muturi aliizima.  "Pole, mzee," alisema. "Lazima niende Bahati, kuna ng'ombe ataniharibikia. Nimepata lifti. Wewe mpeleke nyumbani, umweke joto. Jumatano umlete nimwangalie."

Akatoka. Gari likaondoka. Hiram alimteremsha Meja, akaketi naye kwenye benchi la ukumbi, chini ya picha ya ng'ombe wa maziwa mwenye afya. Jua lilikuwa limefika dirisha la magharibi na kuangukia leso. Hapo ndipo alipoona: leso yote imejaa vidoti vyeusi vya viroboto, na kupe wamekunja miguu, wamejiachia wenyewe. Dawa ilikuwa imefanya kazi vizuri.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Mzee, niko hapa mlangoni kwako," Jamleck alisema. "Nimekuja ile maneno ya viroboto. Mbona umefunga?"

"Niko mjini."

"Sasa? Vimeisha ama?"

Hiram alipukusa leso kwa kidole. "Vimeisha."

"Vyote?"

"Vyote. Hata kimoja hakijabaki."

"Safi kabisa. Unaona? Ni kujitolea tu. Basi mbwa anaweza kukaa, mzee, mimi sina shida."

Hiram alirudisha simu mfukoni. Chini ya kiganja chake ubavu ulipanda, ukakaa, ukashuka. Akangoja. Ukapanda tena.

Kosgei alikuja na funguo, akasimama mlangoni. Alimtazama mbwa, akatazama sakafu aliyokuwa ameipiga deki mchana, mahali ute ulipodondoka.

"Mzee, saa ya kufunga imefika. Mimi nikipatikana na mtu ndani, nafutwa."

"Wewe funga tu," Hiram alisema.

"Nifunge na wewe ndani?"

"Nimeambiwa siku ya mbwa ni Jumatano." Alivuta koti likamfunika Meja sikio lililokuwa limebaki nje, sikio la kulia, safi kabisa, halina kupe. "Sisi tumewahi. Tutangoja."